Kikanisa Nilichokielekeza Kibla

Jumatano, Shaabani inakwisha. Rasharasha tangu alfajiri. Udongo unanata miguuni na mimi nimenata zaidi.

Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia.

Padri alinichagua kwa ufundi wangu. Wadachi nao wakamchukua mke wangu, Mwanahawa, nisije nikakimbilia kwa wanaopigana nao. Yuko bomani Kibiti mpaka kikanisa kiishe, na mimba yake ina miezi saba.

Kazi yenyewe, Mungu anisamehe, niliipenda. Padri alitaka kijumba kinachokaa katika msitu wa Mahege kana kwamba kimeota humo: nguzo za mikoko kutoka delta, paa la makuti lililoinama chini ya matawi, kuta za udongo wa hapohapo. Nilizunguka siku tatu nikitafuta nafasi kati ya miti, kisha nikasimamisha nguzo kumi na nane bila kukata hata mche.

Leo padri kaja na dira.

"Fundi, altare iende mashariki. Hii inakwenda wapi?"

Inakwenda Kibla. Maisha yangu yote nimejenga misikiti. Mikono ilipima yenyewe, kichwa hakikuulizwa. Nimecheka kidogo, halafu nikaona vibaya.

Kukigeuza ni kung'oa nguzo zote, siku kumi nzima. Njia fupi ni kutoboa ukuta wa mashariki na kuongeza chumba cha altare. Lakini hapo umesimama mti mkubwa wa mkongo, ambapo wakwe zangu huweka unga wakiwaomba wazee wao waliotangulia. Padri, aliyekuwa akinigombeza nikivunja kijiti, kauzunguka mara mbili, akasema nichague mwenyewe.

Mwenyewe!

Adhuhuri mama mkwe kaja. Kasimama mbali, kanipa mgongo kama adabu inavyotaka.

"Mkwe wangu, mti huo ukiukata, usiniite mama tena."

Wapiganaji nao wakiukuta umelala, watanihesabu mtu wa Mdachi. Nimebanwa kama kidole mlangoni, na mlango nimeuning'iniza mimi.

Naogopa. Naogopa wazee wa mti, naogopa mikuki, namwogopa yule mama kuliko vyote.

Lakini siku kumi ni nyingi kwa mwanamke mjamzito anayelala sakafuni.

Nimelinoa shoka. Kesho naukata. Mama mkwe na aniapize, ni haki yake. Aniapize binti yake akiwa nyumbani, amekaa kando yake.