Nati ya Gurudumu la Kushoto

Baba yangu,

Salamu zikufikie huko uliko, kwa rehema ya Mola. Nakuandikia kucha zangu zikiwa nyeusi kwa grisi, na Mama ameshauliza mara kadhaa bibi harusi gani huyu. Ndiyo, Baba. Saidi, uliyemkubali mwenyewe kabla hujaondoka, bado yupo. Aliyekuwa akimsubirisha ni nduguyo.

Unajua mwenyewe, hukuacha mtoto wa kiume, na babu alishatangulia. Kwa hiyo walii wangu sasa ni Ami Khalfan. Yeye ndiye wa kukaa mahali pako siku ya ndoa. Basi kila watu wa kina Saidi wakija kuomba siku, Ami anasema, "Tusubiri kwanza." Tusubiri nini? Hasemi. Eda ya Mama ikaisha, joto likapita, bado tusubiri. Na kila Ijumaa baada ya sala alikuja, akanywa gahwa yake, asiulize habari zangu wala za ndoa. Akauliza gari. "Lile gari litoeni hapo uani. Nnamjua mtu wa skrepa, n'takuleteeni." Tena hakukaa kwenye kiti kinachotazama uani. Alikaa akiligeuzia dirisha mgongo. Mtu asiyetaka kulitazama gari ana jambo na lile gari.

Utasema nimeanza. Ulizoea kunicheka: "Wewe hata chai ya mamako waitilia shaka." Sawa, nilikuwa naitilia. Lakini sikiliza kwanza.

Kumbuka mlio ule wa tak-tak-tak gari likikata kona. Mimi ndiye niliyeusikia, maana masikio yako yalikuwa yameshachoka. Ukanunua shafti mpya ya gurudumu la mbele kushoto, lakini mgongo ulikuwa unakuuma, Ami akasema atakubadilishia yeye kwake. Jioni akarudisha gari. "Tayari, nimeshaiweka mpya." Asubuhi yake ukasali, ukaondoka kwenda Qurayyat kwa njia ya milimani, kutafuta samaki. Walikukuta njiani, gari limetoka nje ya lami kidogo tu, limesimama kwenye kokoto, hata taa moja haikuvunjika. Hospitali wakasema moyo. Watu wote wakasema innalillahi, wakakubali. Mimi nilikubali kwa mdomo.

Kwa sababu nilikuwa najua kazi yenu. Tangu ujana wenu, gurudumu halikufungwa na mtu mmoja katika nyumba yetu. Mmoja anakaza ile nati kubwa ya katikati, mwingine anachukua tindo na kuupiga ukingo wa nati uingie kwenye mfereji wa shafti, isije ikalegea. Ulisema aliyekaza asijikague mwenyewe. Siku ile Ami alikuwa peke yake. Nikajiambia: hakuupiga ukingo. Nati imelegea njiani, gurudumu limeyumba, wewe umeshtuka, moyo umesimama. Na huyo huyo ndiye aje aniozeshe? Nilikuwa nikimtazama anavyokunywa gahwa yetu, nikimhesabia makosa hata namna anavyoweka kikombe.

Basi juzijuzi nikalipandisha gari kwenye jeki. Mama nilimwambia nalisafisha kabla ya kuja mtu wa skrepa. Nikatoa tairi, nikachukua brashi ya waya, nikasugua tope na vumbi la breki mpaka nati ikaonekana.

Baba, niliiona alama yako. Tindo lako lilikuwa limekatika pembe moja, likipiga linaacha alama yenye pengo, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino. Ilikuwa pale pale, chini ya uchafu wa miaka. Hakukuwa na alama nyingine. Nati ile haikuguswa na mtu tangu siku ile ya zamani Ami alipoikaza, nawe ukaupiga ukingo wake.

Ningefurahi, si ndiyo? Nati haikulegea. Lakini shaka yangu haikulala, ilihama tu. Kama nati haikufunguliwa, shafti mpya iliingia wapi? Ami alikudanganya. Uliondoka na ile mbovu, ukidhani umeondoka na mpya. Na kama ilikatika ukiwa milimani? Hasira niliyokuwa nayo kabla ilikuwa mchezo.

Njia ilikuwa moja, kuitoa nikaione. Na ili nati ifunguke ilibidi kwanza niuinue ule ukingo, yaani niivunje alama yako. Nilikaa chini na tindo mkononi nikalia, nakwambia wazi. Ilikuwa kazi ya mkono wako, haikuwa imebaki nyingi. Halafu nikaivunja.

Nati ikakataa. Nikatia spana, nikarefusha mkono wake kwa bomba, nikapanda juu ya bomba kwa miguu miwili, bomba likapinda. Nikamwaga mafuta ya kutu, nikaiacha ilowe. Kesho yake Saidi akaja na bomba nene kutoka kazini kwake, na hakuuliza kitu. Hata yeye nikamtilia shaka: mbona haulizi, nani kamwambia? Maskini, alikuwa anaogopa tu. Tukavuta pamoja mpaka nati ikalia kwa kishindo, nikadhani ni mkono wa Saidi umevunjika.

Kumbe huo ulikuwa mwanzo. Shafti yenyewe ilikuwa imegandana na kitovu cha gurudumu kwa kutu. Hapa kwetu Hail chumvi ya bahari haiachi chuma. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinipigia kelele: "Usiipige uchi, utaua nyuzi zake za nati!" Nikairudisha nati mpaka ikalingana na ncha ya shafti, nikaweka kipande cha ubao, ndipo nikapiga. Haikutikisika. Nikapasha moto kitovu kwa jiko dogo la gesi la kambini, nikapiga tena. Mikono ikatoka malengelenge, nikayapasua, nikaendelea. Nilikuwa siigongi shafti, nilikuwa namgonga Ami.

Ikatoka siku ya tatu, ghafla, kama iliyochoka nami. Nikaikata ile mipira ya kufunika maungio yake, iliyokuwa imechanika, nikafuta grisi iliyochanganyika na mchanga. Gololi zimelika, ndiyo, ndizo zilizokuwa zikilia. Lakini ilikuwa nzima. Nikaizungusha huku na huku, ikazunguka. Ingekufikisha Qurayyat ikakurudisha, kwa kelele zake. Gari halikukuua, Baba. Ulikuwa moyo wako kweli, kama walivyosema, nami nilikuwa nimekataa kusikia.

Nikatazama viganja vyangu. Ndipo nikamfikiria Ami, na lile bega lake lisilopanda juu, peke yake uani kwake jua kali, na nati ile ile.

Nikampigia simu: njoo, Ami, kuna kitu nataka ukione. Akaja. Aliiona shafti juu ya kitambaa na uso wake ukasawijika, hakujaribu hata kukana. "Ilinishinda. Nikaona haya kumwambia kaka yangu. Nikasema kesho kutwa n'tamtafuta fundi, n'taimaliza kimya kimya." Kisha akasema, "Nimemuua baba'ko, mwanangu. N'takaaje mahali pake nikuozeshe?"

Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa "tusubiri kwanza." Miezi yote hiyo mimi nilikuwa namshuku, na yeye alikuwa ameshajihukumu.

Nikaushika mkono wake nikauweka juu ya shafti. Izungushe, Ami. Akaizungusha. Akaizungusha tena, akainama akaitazama ndani, akaipapasa kwa kidole akitafuta palipokatika. Hapakuwepo. Akakaa chini pale pale, kanzu nyeupe kwenye mchanga na mafuta, akalia kwa sauti mpaka Mama akatoka. Nilimwambia Mama kuwa amezikumbuka siku zako. Si uwongo.

Usidhani nimepona kabisa. Nilimfuata mpaka kwake nikaione ile shafti mpya kwa macho yangu. Ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake, katoni haijafunguliwa. Alikuwa akilala juu yake. Sasa imo ndani ya gari, na gari linakata kona bila mlio.

Nakuaga, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako na akutie nuru. Nakuahidi kuwa Mama hatajua kwamba nduguyo alikudanganya, wala mtu mwingine. Liishie kwangu na kwako.

Ndoa ni Alhamisi, baada ya Alasiri. Siku kaiweka Ami mwenyewe. Huko msikitini ataushika mkono wa Saidi na kuyasema maneno yaliyokuwa yako. Mimi nitakuwa nyumbani na wanawake, na unanijua, ningemtuma mtu akachungulie kama kayasema sawasawa. Simtumi mtu.

Binti yako,
Raya