Mafuta ya Mkaratusi

Mkamwana wangu,

Miguu imevimba tena, na muuguzi ananitania eti nalamba chumvi kwa siri. Barua yako nimeipata. Unasema mtoto naye sasa anapiga chafya na macho yanamwasha, nawe unaomba yale mafuta yangu ya mkaratusi.

Sikutumii. Kaa kitako, mwanangu, usome.

Siku ile marehemu dada yake mtoto alipobanwa kifua na pumu, wewe ulikuwa kazini. Nilimdondoshea mafuta yale kwenye mto. Akakohoa, nikaongeza.

“Bibi, yananiziba.”

“Vuta tu, ndiyo yanafanya kazi.”

Nilimwambia hivyo mimi, mwalimu wa kemia. Alipolegea ndipo nikaugeuza mto, nikafungua madirisha harufu itoke kabla hujarudi.

Msibani wifi zako walimlaumu paka wako, eti manyoya yake ndiyo yaliyomuua mtoto. Nilinyamaza. Ukamtoa paka, ukabaki na jina: Mama Paka. Wakikuita hivyo mezani, nilicheka nao.

Chupa nimeimwaga. Mpeleke mtoto hospitali leo. Kisha waite wifi zako, uwasomee barua hii kwa sauti, waje waniulize wenyewe ningali nasema.

Mimi, mama mkwe wako