Kifuniko cha Pili cha Dawa

Baba,

Shikamoo. Mvua imekata tena huku Shelui, na mahindi ya bondeni yametoboka kama chujio. Viwavijeshi bado wapo. Wewe ndiye usiyekuwepo.

Nimekaa miezi saba bila kukuandikia kwa sababu kuna jambo nililificha. Asubuhi ile ya mwisho ulipima dawa ya viwavi kifuniko kimoja, kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Mimi ndiye niliyesema, "Baba, weka viwili. Hawa wamezoea." Ukacheka, ukaweka cha pili, ukaongeza na cha tatu. "Dawa isiyowasha si dawa," ulisema. Ukabeba bomba la kupulizia mgongoni, nalo lilikuwa linavuja.

Saa sita ulirudi shati limelowa mgongoni, mate yanakutoka, mikono inatetemeka. Mama alikushikilia kwenye bodaboda, mimi nikabaki na wadogo zangu. Hukufika zahanati ukiwa hai.

Baada ya matanga bwana shamba alikuja. Alichovya majani kwenye dawa ile ile, kipimo kile kile, akayagawa kwenye makopo mawili. Kopo la kwanza akatia viwavi wa manyoya waliokuwa kwenye alizeti, la pili viwavijeshi wa mahindi. Kufika jioni, wa alizeti walikuwa wamejikunja, wamekufa. Viwavijeshi walikuwa wanatafuna, Baba. Nilisikia wanavyotafuna.

"Sumu ikiingia kwa huyu wa mahindi," bwana shamba alisema, "mwili wake unaikatakata na kuitoa kabla haijamdhuru. Yule mwenzake hana uwezo huo. Na kila mkipuliza mnaua walio dhaifu. Wanaobaki ndio wanaozaa."

Nilikwenda kulia nyuma ya banda la mbuzi. Mdudu asiyefika urefu wa kidole aliimudu dawa iliyokushinda wewe, wewe uliyekuwa ukibeba gunia la alizeti peke yako mpaka barabarani.

Siku hizi tunawaokota kwa mkono alfajiri, mimi na Mama, na kutia majivu kwenye moyo wa kila mche wa mahindi. Hatuwamalizi. Mgongo unamuuma Mama, hasemi.

Jana Baba Zuhura, jirani yetu, alikuja na chupa mkononi. "Binti, nyie mlikuwa mnaweka vifuniko vingapi? Hawa wa kwangu hawafi." Nilitaka kusema kimoja, nimwachie aende. Mdomo ukakataa. Nikamweleza yote: nilivyokuambia, ulivyoongeza, ulivyorudi. Alisikiliza hadi mwisho, akaiweka chupa chini, akaondoka bila kuichukua.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Nikajua amesikia. Nikasubiri anilaani.

Akaja akakaa karibu yangu. "Nilijua," alisema. "Baba yako aliniambia njiani, maneno yenyewe hayatoki vizuri. Alisema mtoto asiulizwe kuhusu dawa. Alisema mkono uliopima ni wake."

Baba, ulikuwa unakata roho, na bado ulikuwa unanitetea. Sijui nikushukuruje, na sijui kama nastahili. Nimelia mpaka wadogo zangu wameogopa.

Ila hilo moja sitakutii. Kila atakayekuja kuuliza kipimo, nitamweleza ulivyokufa, na nitasema ni nani aliyekuambia uongeze. Nakuahidi.

Lala, Baba. Mama nitamtunza mimi.

Mwanao,
Elisifa