Nauli ya Kanga za Bi Maisa

Shamimu, upo? Mama analia hapa, na mie ndiye niliyemliza.

Nimemsomea meseji ya mteja wangu anayedai nimrudishie nauli ya dera lililochelewa, nikacheka: "Ngoja nimwambie basi liliharibika."

Kumbe mama yangu huyuhuyu alishawahi kusema hivyohivyo!

Mwaka 1995 alikuwa akiuza kanga hapahapa Kinondoni. Bi Maisa wa Lindi akamtumia pesa ya kanga za harusi ya bintiye, na nauli ya mzigo juu. Mama akaulaza mzigo wiki nzima, anasubiri oda nyingine ajaze kiroba kimoja, alipe nauli moja. Kanga zikafika harusi imeshapita.

Bi Maisa akapiga simu dukani kwa Aidarus, jirani aliyekuwa na simu. Mama akamwambia basi liliharibika njiani.

Unajua alijibiwa nini? "Pole mwanangu. Abiria walisalimika?"

Anaulizia abiria, Shamimu! Abiria! Nauli hata hakuigusia.

Mama hakuwahi kumwambia ukweli, na Bi Maisa ameshatangulia mbele ya haki.

Basi nimemrudishia mteja nauli yake, nikamwandikia kwamba mzigo niliulaza mwenyewe. Amesoma, hajajibu, na mama kila dakika ananiuliza, "Amesemaje?"