Muhuri wa Tatu

Mpendwa Bi Kinuko, nisaidie, maana nina jambo ambalo siwezi kumwambia hata mwenzangu wa kazini. Mimi ni mkaguzi wa lifti hapa Sendai, nina miaka hamsini na minane, na tulipooana mimi na mke wangu Sachiyo tulibandika kwenye mlango wa friji karatasi yenye majina ya mahali patatu panaposifiwa nchi nzima kwa uzuri, tukaahidiana kupaona pamoja, Matsushima tulikwenda tukiwa maharusi wapya, Amanohashidate tulikwenda binti yetu Chinatsu alipoanza shule, tukainama kuchungulia bahari katikati ya miguu kama wafanyavyo wote pale, Sachiyo akacheka hadi kofia ikamdondoka, ikabaki Miyajima tu.

Lakini mwaka wa sita huu Sachiyo anamuuguza mama yangu, ambaye amepoteza kumbukumbu na hatambui hata chumba chake, kwa hiyo Miyajima imekuwa ya mwakani kila mwaka. Mwezi uliopita ofisi ikanituma Hiroshima siku tatu, kazi ikaisha mapema, nikapanda kivuko kwenda kisiwa cha Miyajima kilicho jirani, maji yalikuwa yamekupwa, nikatembea mchangani mpaka chini ya lile lango jekundu la hekalu linalosimama baharini, nikamwomba mama mmoja mtalii anipige picha, na nilipoitazama nikaona nimesimama pembeni kabisa, nimemwachia Sachiyo nafasi yake. Nikala chaza wa kuchoma peke yangu, nikajisikia mpweke hadi nikashindwa kumaliza sahani. Halafu, sijui nilipatwa na nini, hekaluni nikatoa kitabu chetu cha mihuri, kile tulichogongewa muhuri Matsushima na Amanohashidate, ambacho Sachiyo alikishonea jalada kwa kitambaa cha kimono yake, wakanigongea muhuri wa tatu na kuandika tarehe kwa brashi, na wino ule haufutiki.

Nyumbani nikampa boksi la vikeki vya umbo la jani, vile vinavyosifika Miyajima, kama desturi ya anayetoka safari, akauliza, "Baba Chinatsu, kwani ulifika Miyajima?" nikamjibu, "Wapi! Nimevinunua stesheni nikikimbilia treni." Kitabu nikakificha kwenye droo ofisini. Sasa anakitafuta, amepekua makabati yote, na juzi nimemkuta amekaa sakafuni, akaniambia, "Baba Chinatsu, naanza kuwa kama mama. Nilikiweka hapa hapa, na sikioni." Nikanyamaza. Nikimwambia nitamuumiza, nisipomwambia silali, je, nikitupe tu tuseme kimepotea?

Mume wa Sendai

*

Bwana wa Sendai, ile picha imenisikitisha, sikufichi. Lakini usinizunguke. Unasema kazi iliisha mapema, kana kwamba Miyajima ndiyo iliyokufuata hotelini. Kitabu kilitoka Sendai ndani ya begi lako! Uliamua kabla hujafunga zipu.

Hata hilo lingesameheka. Umri unakwenda, karatasi iko pale kwenye friji, mtu hukata tamaa ya kungoja. Kisichosameheka kirahisi ni pale sakafuni. Mwanamke anayemlisha mama yako kijiko kwa kijiko anaamini akili inamtoka, wewe unajua kitabu kilipo, na umefunga mdomo. Aibu, bwana. Kila siku unayokaa kimya, anaogopa ugonjwa asiokuwa nao. Eti ukitupe!

Leo hii kitoe drooni. Mpe mkononi, kikiwa wazi kwenye ukurasa ule, na neno lako la kwanza liwe, "Hujasahau kitu, nilikichukua mimi." Kuomba radhi kufuate. Atalia, au atakununia siku tatu, vumilia na usimletee maua. Mwonyeshe na picha, aone mwenyewe ulivyosimama.

Kisha omba likizo ya wiki nzima, likizo ya kweli. Mama ni wako: muogeshe wewe, mlishe wewe, mwonyeshe chumba chake mara kumi kwa siku. Sachiyo achague, aende sasa bila wewe, au mngoje Chinatsu apate nafasi ya kushika zamu mwende wawili. Usimchagulie. Akisema anakwenda, mtilie kitabu kwenye begi, kuna ukurasa mweupe unaofuata, na yeye anastahili tarehe yake.

Siku akirudi na boksi la vikeki, lipokee kwa mikono miwili, umuulize Miyajima ilikuwaje, kisha ukae umsikilize mpaka amalize, kana kwamba hujawahi kufika.