Tulisema ni Korosho

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Mandawa tupo, babu yako anakohoa tu. Nimesomewa ujumbe wako. Mtoto ana homa, analia akikojoa, nawe unaniuliza usubiri?

Shangazi yako Somoe, ambaye hukumkuta, alianza hivyohivyo msimu wa korosho. Mama mkwe akasema, "Kakalia korosho mbichi huyo, utomvu umemuunguza. Mpake mafuta ya ufuta." Nilimwangalia mwanangu, sikuona hata lengelenge. Lakini mimi mke mgeni, nani angenisikiliza?

Homa ikapanda. Tulipomfikisha hospitali Nachingwea, daktari akasema ugonjwa ulianzia kwenye mkojo, sasa umeingia kwenye damu. Tulirudi naye amefunikwa kanga.

Wewe hakuna wa kukunyamazisha, mama. Ukishampimisha mkojo leo, ndipo unijibu.

Bibi yako