Insha ya Mwikali

Jumatano, Julai 1986. Tangu asubuhi ukungu umekataa kutoka hapa Mbooni, na roho yangu nayo imekataa kutulia.

Jumatatu nilikuwa nasahihisha insha za Kifaransa za kidato cha pili. Ya Mwikali ikanisimamisha. Msichana wa dawati la nyuma, haulizi swali hata siku moja, ameandika «un vieil homme». Mwanamume mzee. Wenzake wote wameandika «vieux», maana ndilo neno nililowafunza. Kwamba hubadilika likifuatwa na irabu au h isiyotamkwa, sijawafikisha huko bado.

Ameandikiwa huyu, nikasema.

Jana nikamsimamisha mbele ya darasa. "Nani alikuandikia hii?"

Akajibu polepole, "C'est moi qui l'ai écrite, Madame."

Ni mimi niliyeiandika. Angesema tu "nimeandika" ingetosha, lakini alilitanguliza lile "mimi" kwa mkazo, kama Wafaransa wenyewe. Shaka ikanizidi. Nikampa chaki aandike "hoteli nzuri". Wengi wakiona ile h huteleza, wakaandika «beau». Yeye akaandika «un bel hôtel», bila kufuta.

"Umefunzwa na nani?"

"Hakuna, Madame. Mamangu anapikia Mbelgiji mmoja wa kuchimba visima, kule Tulia. Likizo namsaidia kuosha vyombo, nasikia huyo mzungu akiongea Kifaransa na mke wake. Ukisema ile ingine, «beau hôtel», inakwama mdomoni."

Inakwama mdomoni! Mimi sheria hiyo niliikariri chuoni kutoka kitabuni, na bado nilikuwa nikiikosea. Niseme ukweli, maana humu shajarani hakuna wa kunicheka: niliona wivu. Mtoto wa mpishi amesikia kwa masikio yake kitu ambacho mimi nimekisoma tu.

Nilimwambia aketi. Pole sikusema.

Leo nimekusanya madaftari tena. Mwikali ameandika mistari minne. Nyumba ni kubwa. Mbuzi ni mweupe. Hakuna kosa hata moja, na hakuna neno la kushukiwa.

Nimeisoma mara tatu.

Niliogopa kudanganywa, kumbe nimemfunza mtoto kujificha.

Kesho, kabla ya kuita majina, nitamwomba msamaha mbele ya wale wale waliomwona akiwa amesimama pale. Sijui atafikiria nini. Ningekuwa yeye, ningemwamini mwalimu kama mimi?